Nyara, Kifuta Jasho na Shamba la Bibi: Lugha ya Ulinzi wa Wanyamapori katika Nachingwea na Ruangwa

Msimu wa mavuno unapokaribia, wakulima wengi wa kusini mwa Tanzania huacha nyumba zao za kijijini na kulala shambani. Hujenga dungu, kibanda cha miti na nyasi kinachoinuliwa juu ya nguzo au kusimamishwa pembeni mwa shamba, na humo hukesha wakipiga madebe na kuwasha moto ili nguruwe na tembo wasiyamalize mahindi, mihogo na mbaazi. Hali ndiyo hiyo Mtua na kata nyingine za wilaya ya Nachingwea, na ndiyo hiyo Ruangwa. Ichukuliwe sasa kwamba mkulima aliyemo dunguni anasikia mlio wa bunduki usiku kutoka upande wa pori. Simu anayo, na namba ya askari wa wanyamapori anaijua. Je, atapiga?

Swali hilo kwa kawaida huachiwa wataalamu wa ikolojia na wa uchumi, ambao hulijibu kwa kuhesabu mishahara, magari ya doria na mgawo wa mapato ya uwindaji wa kitalii. Majibu yao ni ya lazima. Hata hivyo, mkulima huyo amezungumzwa nacho kwa Kiswahili tangu utoto wake kuhusu mnyama ni wa nani, anayemuua ni nani, na anayemlinda ni nani. Maneno aliyoyasikia yana historia, na historia hiyo hukaa naye dunguni. Mhadhara huu unayachunguza machache kati ya maneno hayo.

Kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Pori la Akiba la Selous, ambalo kwa karne nzima ndilo lililoamua maisha ya Liwale na majirani zake, lilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 109,000 katika sensa ya mwaka 1976. Sensa ya mwaka 2013 ilikuta takribani 13,000. Kati ya miaka hiyo miwili idadi haikushuka kwa mstari mmoja: ilianguka vibaya katika miaka ya 1980, ikapanda tena baada ya Operesheni Uhai ya mwaka 1989 na marufuku ya biashara ya kimataifa ya pembe iliyopitishwa mwaka huohuo, kisha ikaporomoka upya baada ya mwaka 2006. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza Selous katika orodha ya maeneo ya urithi wa dunia yaliyo hatarini. Mwaka 2015 Samuel Wasser na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya pembe zilizokamatwa katika nchi mbalimbali, wakaonyesha kuwa sehemu kubwa ya pembe za tembo wa savana zilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, yaani ukanda huuhuu. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya kaskazini ya pori hilo ilipandishwa hadhi na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Kiswahili cha zamani hakikuwa na neno moja la kumtenga mnyama wa porini na kitoweo. Nyama ilikuwa nyama: aliye hai msituni na aliye chunguni. Ndiyo maana ofisa wa idara ya wanyama wakati wa Waingereza aliitwa Bwana Nyama, na jina hilo wazee wa kusini wanalitumia hadi leo. Neno wanyamapori ni zao la ofisi. Ni istilahi nzuri, iliyoundwa vizuri kwa kanuni za lugha, lakini ilipoingia ilifanya kazi ambayo waundaji wake huenda hawakuikusudia. Ilimtoa mnyama jikoni na kumweka porini, na pori lenyewe kisheria lilikwisha kuwa la Serikali.

Biashara ya pembe nayo ilikuwa na msamiati wake tele. Wafanyabiashara wa pwani waliigawa pembe kwa ukubwa na ubora, kwa maneno kama buri na kalasha, na pembe ya kifaru waliiita kipusa. Mwindaji wa tembo hakuwa mhalifu bali fundi, mtu mwenye ujuzi, dawa na miiko yake, na Wamakua walisifika kwa kazi hiyo mbali na kwao. Katika msamiati huo wote hakuna neno la kumwita mtu aliyeua tembo bila ruhusa, kwa sababu ruhusa yenyewe, kwa maana ya karatasi, haikuwepo. Ililetwa na amri ya Wajerumani ya mwaka 1896, iliyotungwa chini ya Gavana Hermann von Wissmann, ambayo ilidhibiti uwindaji kwa leseni na kutenga mapori ya kwanza.

Hapo ndipo pa kumwangalia jangili. Neno hili linahusishwa na neno la Kihindi jangli, lenye maana ya wa porini, asiyestaarabika. Kwa hiyo, kabla halijamtaja mtu anayeua mnyama kinyume cha sheria, lilimtaja mtu anayefanana na mnyama huyo. Kuna kejeli hapa ambayo haifai kupitwa haraka. Sheria inamlinda wa porini aliye mnyama dhidi ya wa porini aliye mtu, na wote wawili wameitwa kwa jina moja. Mwanakijiji aliyenasa digidigi kwa kitanzi na mtu aliyetumwa kutoka mjini na bunduki ya kivita huangukia katika neno hilohilo. Katika mazungumzo ya kijijini watu hutofautisha vizuri sana kati ya mtafuta kitoweo na mfanyabiashara wa pembe. Lugha ya ofisi imelikataa pambanuo hilo kwa miaka mingi, nayo imelipa gharama: yule wa kwanza hawezi kumtaja yule wa pili bila kujitaja mwenyewe.

Neno zito zaidi ni nyara. Mashtaka mahakamani husomwa kuwa mtu amekutwa na nyara za Serikali: jino la tembo, ngozi ya chui, hata kipande cha nyama ya pofu. Nyara, kwa maana yake ya msingi, ni mali iliyotekwa vitani. Mtu akichukuliwa kwa nguvu husemwa ametekwa nyara. Mtafsiri wa kwanza wa sheria alikuwa anatafuta neno la kumbukumbu ya mwindaji, lile fuvu na pembe zinazotundikwa ukutani Ulaya, na akapata neno la vita. Kwa namna fulani hakukosea. Ukanda huu ulikuwa na Vita vya Maji Maji mwaka 1905 hadi 1907. Boma la Liwale lilitekwa na wapiganaji mwaka 1905, na kisha njaa na adhabu ya Wajerumani vikaziacha sehemu kubwa za nchi tupu. Pori likasonga mahali palipokuwa mashamba. Katika miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wa Liwale waliobaki magharibi, sababu iliyotolewa ikiwa ni ugonjwa wa malale, na mipaka ya Selous ikapanuliwa juu ya mahame yao. Aliyesimamia wanyama Liwale tangu miaka ya 1930 hadi katikati ya miaka ya 1950 alikuwa C.J.P. Ionides, ambaye wenyeji walimwita Bwana Nyoka kwa mapenzi yake ya kukamata nyoka. Kwa wajukuu wa waliohamishwa, kuambiwa kuwa tembo ni nyara za Serikali si sitiari.

Ndipo linapokuja jina la Shamba la Bibi, ambalo ndilo wenyeji wengi huiita Selous. Masimulizi yanasema Kaisari wa Ujerumani alimpa mkewe pori hilo kuwa zawadi. Kama kisa hiki ni cha kweli au la, si muhimu sana kwa mwanaisimu. Cha muhimu ni kwamba watu walipotaka kueleza nani anamiliki ardhi waliyoijua kama yao, walimtaja mwanamke wa mbali ambaye hakuwahi kuiona. Katika Kiswahili cha Tanzania ya leo, shamba la bibi pia ni msemo wa mali isiyo na mwenyewe, ambayo kila apitaye hujichumia. Wanasiasa huutumia kila wanapoonya kuhusu madini au gesi. Maana hizi mbili zinapokutana katika masikio ya mkazi wa Nachingwea, matokeo yake yanajieleza. Mali iliyonyang'anywa ikapewa asiyeonekana haina wa kuilinda.

Nachingwea inayo sababu yake ya pekee ya kutoamini miradi inayokuja na majina makubwa. Mpango wa karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947, ukafyeka misitu kwa matrekta, ukajenga reli kutoka Mtwara, na mwaka 1951 ukaachwa. Reli yenyewe iling'olewa katika miaka ya 1960. Kata moja ya wilaya hiyo ingali inaitwa Stesheni.

Upande wa pili wa dungu yuko askari. Kazi yake imebadilishiwa jina mara nyingi: askari wa nyama, askari wanyamapori, mhifadhi. Kuanzia mwaka 2018 taasisi za uhifadhi, ikiwemo Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, zimeingizwa katika mfumo wa jeshi usu, wenye vyeo, gwaride na nidhamu ya kijeshi. Wapo wanaoona kuwa mfumo huo umeinua hadhi ya askari, na hoja yao ina uzito. Mtu anayelala porini wiki nzima akikabili watu wenye silaha anahitaji kuheshimika. Mauaji ya Wayne Lotter jijini Dar es Salaam mwezi Agosti 2017, mtu ambaye shirika lake lilisaidia kufuatilia mitandao ya pembe, yalionyesha kuwa hatari hiyo inamfuata mlinzi hata akiwa mjini. Lakini mhifadhi na askari si neno moja. Mhifadhi hutunza kitu kwa ajili ya mwenyewe. Askari hukilinda dhidi ya mtu. Mwanakijiji huuliza, na ni haki yake kuuliza, ni yupi kati ya hao wawili anayekuja na gari leo.

Chini yao wako askari wanyamapori wa vijiji, vijana wanaochaguliwa na serikali za vijiji na wengi wao kupelekwa mafunzoni Likuyu Seka Maganga, wilayani Namtumbo, katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1995. Hao ndio wanaoujua msitu kwa nyayo zake, na baadhi yao waliujua kwanza kama wawindaji. Hawana mshahara. Wanalipwa posho, na posho ni neno linalostahili kusimamiwa kidogo. Zamani lilikuwa mgao wa chakula wa mpagazi au kibarua: kibaba cha unga kinachomwezesha kufika kesho. Leo mjumbe wa mkutano mjini hupokea posho ya kikao inayozidi mapato ya mwezi ya mkulima, na kijana wa doria hupokea posho ya siku alizotembea, ikifika. Wote wamelipwa posho. Aliyeko porini bado anapokea ile ya mpagazi.

Maandiko ya miradi yanapofika hapo huleta neno motisha. Ni neno la juzi, lililotoholewa kutoka Kiingereza na kuvishwa umbo la Kibantu, na mara nyingi likitamkwa ofisini maana yake ni fedha. Kiswahili kilikuwa na maneno mengine: kutia moyo, kushika mkono, na lile la hamasa kutoka Kiarabu, lililobeba joto la vita. Kutia moyo kunahitaji mtu wa kutia na mtu wa kutiwa, na kunafanyika uso kwa uso. Motisha inaweza kutumwa kwa hundi. Tofauti hii haina maana kwamba fedha hazihitajiki. Programu ya Uhifadhi ya Selous, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Ujerumani, ilifanikiwa pale ilipofanya yote mawili: vijiji vya pembezoni vilipewa mgao halali wa nyama na kuchagua askari wao, na kuanzia mwaka 1994 pori liliruhusiwa kubakiza nusu ya mapato yake kwa ajili ya doria na barabara. Mpango wa kubakiza mapato ulipositishwa katikati ya miaka ya 2000, ujangili ulirudi kwa kasi. Hakuna uchambuzi wa maneno unaoweza kujaza tangi la gari la doria, na mwanaisimu asiyelikubali hilo anajidanganya.

Hata hivyo, linganisha majina mawili. Operesheni ya mwaka 1989 iliitwa Uhai. Ile ya Oktoba 2013 iliitwa Tokomeza. Zote zilitumia nguvu, na zote zilikamata watu wengi, lakini kitenzi cha pili hakikutaja kinachookolewa bali kinachofutwa, na sentensi yake haikuwa na shamirisho. Kutokomeza nani? Majangili, bila shaka. Ila katika vijiji ambako neno jangili halikuwa na mpaka, jibu lilibaki wazi. Operesheni ilisitishwa baada ya wiki chache kutokana na malalamiko ya mauaji, mateso na uporaji wa mifugo, na taarifa ya kamati ya Bunge iliyoongozwa na James Lembeli ilisababisha mawaziri wanne kuondoka katika nyadhifa zao Desemba 20, 2013. Tembo walihitaji kulindwa mwaka ule kuliko mwaka wowote. Ulinzi wao ukawa umetiwa doa mbele ya watu ambao bila wao hauwezekani.

Mkulima wa dunguni ana hofu nyingine inayomtangulia jangili. Craig Packer, Dennis Ikanda na wenzao walichapisha mwaka 2005 uchunguzi unaoonyesha kuwa kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 nchini Tanzania na kujeruhi zaidi ya 308, na kwamba mashambulizi mengi yalitokea kusini, hasa wakati wa mavuno. Kiungo walichokipata ni nguruwe. Nguruwe huvuta simba mashambani. Nguruwe humlazimisha mkulima kulala dunguni. Na simba anayemfuata nguruwe humkuta mtu. Katika jamii ambazo wengi wao ni Waislamu nguruwe hawindwi kwa kitoweo, kwa hiyo huzaana. Mlolongo huu wakulima waliujua kabla haujachapishwa, ingawa baadhi yao huuongezea hatua ya mwisho, kwamba simba aliyeua alitumwa na mtu. Anayekuja kuwahimiza wampende simba bila kutaja nguruwe amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Na tembo je? Katika miaka ya karibuni Nachingwea, Liwale na Tunduru zimekuwa miongoni mwa wilaya zinazopeleka vilio vingi vya tembo kuharibu mazao. Methali ya mafahali na nyasi hapa haihitaji kufasiriwa, isipokuwa kwamba tembo mmoja, asiyepigana na yeyote, anatosha. Serikali ilijibu kwa kanuni za mwaka 2011. Kwa mtu aliyeuawa na mnyama mkali, kanuni hizo ziliweka shilingi 1,000,000 kwa familia. Kwa mazao, ziliweka kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, zisizidi ekari tano, na shamba lililokuwa ndani ya nusu kilometa halikupata kitu. Malipo ya kwanza huitwa kifuta machozi. Ya pili huitwa kifuta jasho.

Haya ni maneno ya kupendeza, na huo ndio ugumu wake. Kifuta jasho ni ahsante ndogo anayopewa mtu aliyesaidia kubeba mzigo. Kufuta machozi kunajulikana zaidi na wasikilizaji wa mpira: bao la kufutia machozi ni lile la dakika za mwisho, timu ikiwa imekwisha kufungwa manne. Matokeo hayabadiliki. Waandishi wa kanuni walichagua kwa makusudi kutotumia neno fidia. Fidia, lililotoka Kiarabu na kuzoeleka katika dini na sheria, linakiri deni: kuna aliyepoteza na kuna anayepaswa kulipa. Kifuta jasho hakikiri kitu. Kinasema umechoka, pole, jipanguse. Mwanasheria ataeleza kuwa Serikali haiwezi kuwajibika kwa kila hatua ya tembo, na huenda ana haki. Ila sheria hiyohiyo, katika kifungu kingine, inasema tembo ni nyara za Serikali. Mkulima wa Mtua hahitaji shahada ya isimu kuona kwamba tembo akifa ana mwenyewe, na akila mahindi hana.

Hapo ndipo swali la simu linaporudi. Ugumu wake haumalizwi na semina ya kuhamasisha wala na fulana zenye picha ya tembo. Unaanza kulegea pale ambapo maneno ya kumiliki na maneno ya kuwajibika yanamhusu mtu yuleyule. Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 ilielekea huko ilipofungua njia ya jumuiya za hifadhi, ambamo vijiji hutenga ardhi na kupata sehemu ya mapato. Liwale inayo ya Magingo, na Tunduru na Namtumbo zinazo za kwao. Wanachama wa jumuiya hizo huzungumza kuhusu mgao wao, jinsi ulivyochelewa na jinsi ulivyopungua. Manung'uniko hayo yasichukuliwe kuwa dalili mbaya. Mtu hanung'uniki juu ya shamba la bibi.

Kazi iliyobaki kwa wanafunzi wa Kiswahili ni ya karibu sana. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 ilitungwa kwa Kiingereza, kama ile ya mwaka 1974 iliyotangulia. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kila sheria kuukuu inayotafsiriwa hupita mikononi mwa mtu mwenye kalamu na kamusi. Akifika kwenye kichwa cha tembo kilichotundikwa ukutani atalikuta neno nyara likimsubiri, limezoeleka, limekwisha kusomwa mbele ya maelfu ya washtakiwa. Akifika kwenye malipo ya mazao atakuta kwamba Kiingereza nacho kilikwepa fidia na kutumia neno lenye maana ya kuliwaza. Anaweza kuandika kifuta jasho tena, au akauliza kwanza wale wanaolala dunguni wao wanaliitaje.